Tepu ya Verlene Oakes

Mashine ya kukaushia matunda ilikuwa mali ya Zelma Trimble, na mtaa mzima ulijua kwamba haiguswi. Humo alikaushia mapichi ya kiangazi, akayahifadhi kwenye mitungi ya vioo, na baridi ikiingia akayatia ndani ya maandazi ambayo waumini wa kanisa la Mlima Gileadi waliyagombea baada ya ibada, kana kwamba hawakuwa wametoka kuhubiriwa upendo dakika tano tu zilizopita. Kwa hiyo Jumamosi ile asubuhi, mdogo wake Hosea alipoingia jikoni akipapasa ukuta kwa mkono mmoja, mwingine umekumbatia kasha jekundu la tepu, na kuomba aazimwe mashine hiyo, Zelma aliweka mwiko chini.

"Uazimwe ukaushe nini?"

"Tepu hii."

"Hosea, uzee umekupeleka pabaya. Tepu nayo inakaushwa?"

"Tepu za miaka ile hushika unyevu, dada. Zinanata. Ukizicheza hivi hivi zinabanduka, zinaacha ngozi yote kwenye mashine. Lazima zipate joto dogo kwanza, mchana kutwa. Kila fundi anayeijua kazi anafanya hivyo, tena kwa mashine kama hii hii yako."

"Basi kaazime kwa kila fundi. Mapichi yangu yakinuka tepu, haki ya Mungu nitakukausha wewe."

Zelma alikuwa na miaka tisini, Hosea themanini na sita, na tangu utotoni hakuna siku mdogo mtu alimshinda dada yake kwa maneno. Lakini Zelma alijua tepu ile ni ya nani, na alijua ni nani anakuja kesho kuisikiliza. Akatoa trei za mashine, akazisugua, akaipangusa meza, kisha akamsogezea.

"Haya. Iweke mwenyewe. Mimi sitaki lawama."

Hosea Trimble alikuwa prodyuza. Memphis imejaa watu waliowahi kuwa maprodyuza. Rusha jiwe popote kusini mwa mji humkosi mmoja, naye atakuonyesha kovu na kukuambia chupa ile ilirushwa na mwanamuziki gani. Lakini Hosea alikuwa prodyuza wa kweli. Kwa miaka kumi na saba, katika jengo lililokuwa duka la magodoro, alirekodi kwaya za injili na wapiga gitaa waliofika kutoka mashamba ya pamba ya Mississippi na matope bado yako kwenye viatu. Jengo lilibomolewa zamani. Pamebaki kiwanja cha magugu na kibao cha shaba kilichowekwa na jiji, na wageni kutoka Uholanzi na Japani huja kuyapiga picha magugu hayo kwa heshima kubwa. Wakimkuta Hosea nyumbani, humwomba wayapige picha masikio yake. Masikio ya Trimble, wanasema, yalisikia uzi wa gitaa uliolegea hata kwa unywele mmoja, yakasimamisha wimbo mzima kwa ajili ya kiatu kilicholia sakafuni. Mtu akisifiwa hivyo miaka hamsini, mwisho huamini kwamba masikio hayo hayakumkosea mtu yeyote.

Na mdomo ndio uliomponza. Mwaka uliopita vijana fulani wa redio walimwekea kipaza sauti mezani, wakamuuliza ni rekodi gani anayoionea fahari kuliko zote. Hosea akajiegemeza kitini akawaambia, "Sauti bora niliyowahi kuirekodi, nyinyi hamjaisikia. Binti mmoja, Verlene Oakes, mwaka sitini na tatu. Sikuitoa. Dunia haikuwa tayari." Vijana wakashusha pumzi. Maneno yakarushwa hewani, yakasambaa kama yasambaavyo maneno siku hizi, na miezi mitatu baadaye simu ikalia.

"Bwana Trimble? Naitwa Jonelle Oakes, nakupigia kutoka Arkansas. Huyo Verlene uliyemtaja ni mama yangu."

Hosea alivuta kiti akaketi.

"Alifariki nikiwa na miezi minane," mwanamke aliendelea. "Gari la kwaya lilitumbukia mtoni Desemba ile. Nimelelewa na bibi. Picha zake ninazo tatu, kofia yake ninayo, hata kitana chake ninacho. Lakini sauti yake sijawahi kuisikia, Bwana Trimble. Hata kikohozi chake. Watu kanisani wananiambia, loo, mama yako alikuwa akiimba! Nami naitikia tu, kama mtu anayesimuliwa chakula. Nina miaka sitini na mmoja. Kama unayo, naomba unisikilizishe."

"Ninayo," Hosea alisema. "Nipe muda niitafute."

Ilichukua wiki sita. Macho yake yalikuwa yamezimwa na presha ya macho, akibakiwa na ukungu na vivuli tu, hivyo Zelma ndiye aliyekaa kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba akimsomea maandishi ya makasha, moja baada ya jingine, akilalamika juu ya buibui. Siku walipolifikia kasha jekundu alisoma, "V. Oakes. Nakala. Elfu moja mia tisa sabini na nne," na Hosea akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa akacheka peke yake. Alikumbuka vizuri. Mwaka huo wa sabini na nne, studio ilipokuwa inafungwa, alikesha wiki nzima akinakili tepu zake za zamani kwenye tepu mpya, zile za kwanza akazitupa. Tepu mpya za miaka hiyo ndizo zinazoshika unyevu. Dawa yake ni joto.

Alimpigia simu Arliss Boone, fundi mitambo wake wa miaka ya mwisho, ambaye sasa naye alikuwa mzee wa miaka sabini na mmoja na bado alimwita bosi.

"Usiiguse, bosi," Arliss alisema. "Nakuja Jumapili na mashine yangu na kompyuta. Acha niitazame kwenye mwanga kwanza. Zile tepu za kizazi cha kwanza hazitaki joto kabisa. Ukiioka umeiua."

"Ni nakala ya sabini na nne, Arliss. Nimeandika kwa mkono wangu."

"Kasha ni kasha. Mimi nataka nione tepu."

"Nilikuwa nakata tepu kwa wembe wewe ukinyonya kidole."

"Najua, bosi. Lakini nisubiri."

Hakumsubiri. Kiburi kilikuwepo, hilo halifichiki. Lakini kulikuwa na jambo jingine pia: Jonelle angefika Jumapili baada ya ibada, na kama Arliss angekuja siku hiyo hiyo akasema tepu inahitaji joto la kutwa, mama wa watu angerudi kwake mikono mitupu baada ya miaka sitini na mmoja ya kungoja. Hosea alimwonea huruma. Alitaka akute kila kitu tayari. Angeweza kumwomba Zelma ainyanyue tepu dirishani amwambie kama inapitisha mwanga au haipitishi. Ile ya kale hupitisha, ile mpya haipitishi, mtoto angeweza kuona. Ila hakumwomba. Haikumpitia akilini kwamba mkausha mapichi anaweza kuulizwa habari za tepu.

Mashine ikaanza kunguruma saa mbili asubuhi. Hosea akaketi kando yake kwenye kiti cha jikoni, kama mtu anayemngoja mgonjwa, huku Zelma akichambua sukuma za Jumapili na kuzichemsha na mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi.

Alikuwa na mengi ya kuwaza. Siku ile ya Agosti sitini na tatu Verlene alikuja studio na kapu la nguo, na ndani ya kapu hamkuwa na nguo bali mtoto mchanga. Mama yake alikuwa kibaruani, jirani alikuwa mgonjwa. Aliliweka kapu kwenye ujia, nje ya mlango, akaingia akasimama mbele ya kipaza sauti na viatu vyake mkononi ili visilie sakafuni, kwa maana alikwisha kusikia habari za masikio ya Trimble. Waliurekodi wimbo mara tatu. Mara ya kwanza hawakufika popote, mtoto alilia ukiwa haujaanza. Mara ya pili alilia katikati. Mara ya tatu mtoto alilala, na Verlene aliimba wimbo wote, hata mpiga piano akaondoa mikono na kusahau kuirudisha. Na pale mwisho kabisa, sauti ikiwa bado inaelea, kilio kikapenya mlango.

"Imekaribia," Hosea alimwambia siku ile. "Imekaribia sana. Rudi wiki ijayo, lakini uje peke yako. Nataka iwe safi."

Wiki iliyofuata Verlene hakupata wa kumwachia mtoto. Wala iliyofuata. Ikaingia Septemba, ikaingia Oktoba, kisha mto ukamchukua. Dunia ilikuwa tayari tangu siku ile ya kwanza. Ambaye hakuwa tayari ni Hosea, na alikuwa amekaa na jambo hilo miaka sitini na mmoja akilipaka rangi hadi likageuka kuwa hadithi ya kuwasimulia Waholanzi.

Jonelle hakuhitaji kulijua, aliamua pale jikoni. Arliss angepeleka tepu moja kwa moja hadi mara ya tatu. Wangempa mama yake akiimba, mwanzo hadi mwisho, na sekunde moja kabla ya kilio wangekata. Angerudi Arkansas na sauti, na sauti peke yake. Nani angeumia?

Karibu na saa sita harufu kali ya siki ikajaa jikoni, ikamwasha pua.

"Dada, leo umezidisha siki kwenye sukuma."

"Kama huzitaki usile," Zelma alimjibu bila kugeuka.

Hosea akatabasamu, akaendelea kuwaza.

Jumapili Arliss alifika mapema, akaisimika mashine yake ya tepu sebuleni juu ya meza ya Zelma yenye kitambaa cheupe, akaunganisha spika na kompyuta. Alikuwa akipiga soga za mpira. Kisha Hosea akasikia kasha likifunguliwa, na soga zikakatika.

"Bosi."

"Naam."

"Nani kaioka hii?"

"Mimi. Jana. Ipo tayari, wewe ipandishe tu."

Arliss hakuipandisha. Hosea alisikia hatua zake zikienda dirishani, kisha kitu kikichakarisha kama ganda kavu la kitunguu, sauti ambayo tepu haipaswi kuitoa. Masikio ya Trimble yalikuwa bado mazima, na yalimwambia kila kitu kabla Arliss hajafungua mdomo.

"Inapitisha mwanga, bosi. Naiona barabara yote nje kupitia humu. Hii si nakala. Hii ni ile yenyewe ya sitini na tatu. Ilikuwa imeanza kuoza hata kabla ya joto, inanuka siki mpaka huku."

"Siki ni ya Zelma," Hosea alisema haraka. "Jana alipika sukuma."

Zelma alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. "Siki iliniishia tangu Alhamisi, Hosea. Jana sikutia hata tone. Nilidhani unatafuta ugomvi tu."

Hapo ndipo kumbukumbu ilipomrudia, nzima nzima, kwa ukatili. Sabini na nne, studio ikiwa tupu, tepu mpya ikiwa imepandishwa kwenye mashine ya pili. Kasha jekundu alikuwa amekwisha kuliandika, kwani alikuwa akiandika yote kwanza ndipo anakili. Akabonyeza. Kitu cha kwanza kutoka kwenye spika kilikuwa sauti yake mwenyewe, na kilio cha mtoto ambaye kwa wakati ule alikuwa na miaka kumi na moja na hana mama. Akazima. Akasema ataifanya kesho. Akaitia tepu ya kale ndani ya kasha jipya isipotee, na ile kesho haikuja. Kwa hiyo haikuwa imetupwa. Ilimngoja miaka hamsini, salama kabisa, hadi alipoitia mwenyewe kwenye mashine ya kukaushia mapichi.

"Inaokolewa?" aliuliza.

"Imejikunja kama majani makavu, bosi. Nikiivuta itakatika."

Nje mlango wa gari ukafungwa.

Jonelle Oakes aliingia akiwa bado na kofia yake nyeupe ya kanisani, keki ya karameli mikononi na picha ya mama yake ndani ya mkoba. Alimkumbatia Zelma, akamwita mama. Akamshika Hosea mikono yote miwili.

"Bwana Trimble, sikulala. Nimewaambia kanisani wasinitazamie jioni. Nimewaambia naenda kwa mama yangu."

Hosea alipapasa kiti kilichokuwa kando yake, akamsogezea.

"Binti yangu, keti kwanza."

"Nimekaa."

"Tepu imeharibika. Nimeiharibu mimi, jana, nikidhani naitengeneza. Arliss aliniambia nisubiri, nikakataa."

Zelma alikwenda akasimama nyuma ya kiti cha Jonelle.

"Yote?" Jonelle aliuliza.

"Sijui, mama," Arliss alisema. "Labda vipande."

"Basi vitafuteni vipande."

Kwa karibu saa nzima walivitafuta. Arliss aliifungua tepu kwa vidole, taratibu, akiilainisha ukucha kwa ukucha, na ilikuwa ikikatika: tak, kisha baada ya muda, tak. Kila ilipokatika aliunga kwa gundi, na ilipoungwa ilikatikia pembeni. Alipothubutu kuipitisha kwenye mashine, spika ilitoa mikwaruzo, nusu ya noti ya piano, tena mikwaruzo. Mara moja kitu kama sauti ya mtu kilipita, kirefu, kilichopinda. Jonelle akainuka kitini, lakini tepu ikapasuka urefu wake wote na kile kitu hakikupatikana tena. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Hosea aliitambua. Aliujua wimbo ule pumzi kwa pumzi, angeweza kumwambia Jonelle wapi mama yake alipandisha na wapi aliachia, na maelezo yake yote yasingefaa kitu. Mezani vipande vilijaa juu ya kitambaa cheupe, vya rangi ya chai, na Zelma alikuwa akivikusanya kwenye sahani kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Hapa ndani karibu na kitovu cha gurudumu imebana," Arliss alisema mwishowe. "Haikujikunja sana. Inaweza kupita mara moja."

Hosea alishtuka. Siku zile tepu zilihifadhiwa mwisho ukiwa nje na mwanzo ukiwa ndani. Kilichobaki karibu na kitovu kilikuwa mara ya kwanza.

"Hiyo iache," alisema. "Haina kitu."

"Kuna kitu gani?" Jonelle aliuliza.

"Hakuna kitu, binti yangu. Ni mwanzo tu. Hakuimba hapo."

"Lakini yupo?"

Hosea akageuza uso upande wa Arliss.

"Bwana Trimble, mama yangu yupo hapo au hayupo?"

"Arliss," Hosea alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, iliyosimamisha wapiga ngoma mikono ikiwa hewani. "Nimesema iache."

Katika miaka yote waliyojuana Arliss hakuwahi kumkatalia. Sasa Hosea akasikia kompyuta ikitoa mlio mdogo wa kuanza kurekodi, na tepu ikianza kutembea.

Kwanza ukaja mvumo wa chumba, lile duka la magodoro likiwa hai, feni na yote. Kisha sauti ya kijana, yenye kujiamini kupita kiasi: "Oakes. Mara ya kwanza." Piano ikagusa noti mbili. Mwanamke akavuta pumzi na kuanza kwa mdomo uliofumbwa, mmm, chini, kwa upole, kama anayejaribu maji kwa mguu. Mtoto akalia.

"Simamisha!" kijana alifoka. "Simamisha hapo! Nani kaleta mtoto humu?"

"Ni wangu, Bwana Trimble," mwanamke alisema. "Nimekosa wa kumwachia."

Tak.

Mkia wa tepu ukazunguka ukipiga meza, hadi Arliss alipouzuia kwa kidole. Alijaribu kuirudisha, ikavunjika vipande mkononi mwake. Lakini kompyuta ilikuwa imeshika. Sekunde kumi na nne.

Jonelle alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili. Zelma naye alikuwa akilia waziwazi, bila aibu, kama aliavyo mazishini.

"Anayelia ni mimi," Jonelle alisema.

"Ni wewe," Hosea alisema.

"Nilikuwa na miezi minne."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana hukuitoa rekodi? Hukusema kitu kuhusu mtoto kwenye redio. Ulisema dunia."

"Nilisema uongo. Ulilia mara zote tatu. Mara ya tatu ulilia mwishoni tu, na kabla ya hapo aliimba kama sijapata kusikia mtu akiimba, kabla ya siku ile wala baadaye. Ningeweza kuitoa vile vile. Watu wangesikia mtoto, wangesema, mama anaimba na mwanawe yupo. Nikamwambia arudi bila wewe. Nilitaka iwe safi."

Alingoja amtukane. Alilitaka tusi, angelipokea kwa mikono miwili, angekuwa walau na kitu cha kushika. Lakini Jonelle alikuwa hamsikilizi tena. Alikuwa ameivuta kompyuta upande wake.

"Bibi aliniambia ilikuwa nyembamba," alisema. "Sauti yake. Si nyembamba hata kidogo. Ni nzito kama yangu." Akapangusa uso. "Kijana wangu, nibonyeze wapi nirudie?"

Arliss, kijana wa miaka sabini na mmoja, alimwonyesha.

Mvumo wa chumba. Oakes, mara ya kwanza. Piano, pumzi, mmm, kilio. Simamisha! Ni wangu, Bwana Trimble, nimekosa wa kumwachia.

"Ni wangu," Jonelle alirudia kwa sauti ya chini. "Mmemsikia? Anasema ni wangu." Akabonyeza tena.

Zelma akaenda jikoni kukata keki, kwa kuwa mgeni hakai hivi hivi. Arliss akaanza kukusanya nyaya zake, akaziacha. Kwenye kiti chake Hosea Trimble alikuwa ameinamisha kichwa. Macho alikuwa hana, hivyo hapakuwa na cha kutazama pembeni. Na masikio yake, yale yanayopigwa picha, hayakumpunguzia hata chembe. Mara ya nne alisikia kwamba kijana yule hakuwa hata na hasira, alikuwa na haraka tu. Mara ya sita alisikia miguu mitupu ya Verlene ikigeuka sakafuni kuelekea mlangoni, kwa mtoto. Alitamani kumwambia Jonelle aache. Alikwisha kufungua kinywa, akagundua kwamba neno pekee alilokuwa nalo ni lile lile.

Akakifumba. Jonelle akabonyeza tena, kofia yake nyeupe ikigusa spika. Verlene akavuta pumzi, akaanza, na kijana akamwambia asimamishe. Naye, kama mara zote, akatii.